Mnyororo wa Yadi Kumi

Katika chumba cha boila, chini ya jengo kuu la Chuo cha Elvestad, palikuwa na mnyororo uliotundikwa ukutani kwa misumari miwili, na fito zake mbili zimeegemezwa kando. Halvor Tveit aliutundika pale mwenyewe mwaka 1934. Kwa miaka ishirini na saba iliyofuata aliupangusa vumbi kila Ijumaa, akishamaliza kutoa majivu na kabla hajanywa kahawa yake. Vijana wa chuo walioshuka kuota moto walidhani ni mnyororo wa kufungia ng'ombe. Halvor aliwaacha na dhana yao. Hakuwa mtu wa kuwasahihisha watu.

Alizaliwa shambani, maili sita kaskazini ya mji, mji wa wahamiaji wa Kinorwe huko Marekani, kwenye ngano tupu isiyo na mti wa kukinga upepo. Alisoma mpaka darasa la nane, akajifunza uhunzi kwa mjomba wake. Matrekta yalipoanza kuwamaliza farasi, na viatu vya farasi vikakosa wa kuvivaa, chuo kilimwajiri kuchochea boila ya kupashia majengo joto. Lakini kazi huzaa kazi. Mchochea boila akakabidhiwa nyasi za uwanja, mwenye nyasi akakabidhiwa chokaa ya kuchorea mistari, na mwenye chokaa, siku ya mechi, akakabidhiwa mnyororo.

Mchezo wenyewe, ule mpira wa Kimarekani unaobebwa mikononi, ukiuondolea kelele, ni mchezo wa vipimo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira ni wa wenzao. Watu huona wanaume ishirini na wawili wakirundikana matopeni na kofia zao za ngozi, wakavunjana pua. Halvor yeye aliona yadi kumi. Alisimama pembeni ya uwanja na ufito wa mbele mkononi, Knut Bakke, mkulima jirani yake, akishika ufito wa nyuma, na mnyororo kati yao. Palipokuwa na ubishi mwamuzi aliwaita ndani, wakaunyoosha, na uwanja mzima ukanyamaza. Kwa muda huo mfupi hapakuwa na kocha wala kapteni wala mkuu wa chuo. Palikuwa na mnyororo tu.

Mwaka ule wa 1934 mvua ilikataa kabisa. Ngano ilifika magotini ikakaukia hapo, na upepo ukauchukua udongo wa mashamba ukaupeleka kwa watu wengine. Watu walikuwa hawana cha kuzungumza kanisani. Ndipo timu ya chuo, ambayo kwa miaka kumi na minane haijawahi kumaliza msimu bila kufungwa, ikaanza kushinda.

Ilishinda ya kwanza, watu wakasema ni bahati. Ikashinda ya pili, wakasema wapinzani walikuwa wagonjwa. Kufikia ya tano wazee waliokuwa hawajakanyaga uwanjani tangu Vita Vikuu vya Kwanza walikuja na mablanketi ya kukalia na chupa za kahawa, wakasimama kando ya mistari ya chokaa ya Halvor, wakibishana kama waliucheza mchezo huo wenyewe. Kocha Delaney alikuwa mgeni, mtu wa Chikago, Mkatoliki mwenye sauti ya mnadi ng'ombe, lakini kufikia Oktoba hata mchungaji alimwombea kwa jina.

Katika mechi ya pili ya nyumbani beki mmoja mnene alisukumwa nje ya uwanja akauangukia mnyororo, na pete moja ikakatika. Halvor aliifunga kwa waya mpaka mechi ikaisha, na Jumatatu akawasha moto wa kihunzi nyuma ya jengo la boila, akafua pete mpya kutoka chuma cha lijamu ya farasi. Aliupima mnyororo wote kwa utepe wake wa kitambaa, ule ule aliopimia mistari ya uwanja miaka yote. Yadi kumi kamili. Akaandika katika daftari lake: *Pete moja mpya. Sawa.*

Pete ile ilikuwa nyeusi kuliko wenzake, na ilionekana kwa mbali. Jumamosi iliyofuata Sigurd Moen, kapteni wa timu, mtoto wa msaga unga, alipita karibu na Halvor akiingia uwanjani, akaigusa.

"Hii ndiyo uliyoifua, Mzee Halvor?"

"Ndiyo hiyo."

"Inaonekana ngumu."

"Itafaa."

Siku hiyo Sigurd aliuvusha mpira mstari wa mwisho mara tatu. Mechi iliyofuata timu nzima ilipanga foleni kugusa pete, mmoja mmoja, wengine wakifanya mzaha, wengine midomo ikichezacheza kama wanaosali. Wakaiita Pete ya Halvor. Mkewe Ragna alipolisikia jina hilo dukani alirudi nyumbani uso umemwiva.

"Miaka kumi na minne mimi nimevaa yako," alisema, "hakuna aliyepanga foleni."

Basi ikafika wiki ya mechi ya nane, ya mwisho, dhidi ya Chuo cha Lindora, chuo cha Waswidi, maili thelathini kusini. Kufungwa na wengine kulikuwa huzuni. Kufungwa na Waswidi kulikuwa jambo utakalokumbushwa kwenye msiba wako.

Alhamisi, mpima ardhi wa wilaya alikuja kupimia ngazi mpya za kanisa la chuo, akaondoka akasahau tepu yake ya chuma, futi hamsini, ndani ya kasha la ngozi. Halvor aliipenda kama mtu anavyompenda farasi wa mwenzake. Aliivuta, akaiachia ikajikunja, akaivuta tena. Alipima urefu wa meza. Alipima mlango. Kisha, kwa kuwa mnyororo ulikuwa pale sakafuni, akaupima na huo.

Yadi kumi, na inchi moja na nusu.

Akaupima tena kuanzia upande wa pili. Akachukua utepe wake wa kitambaa akaulaza kando ya chuma, na hapo akaona: miaka yote ya kuvutwa na kukazwa ilikuwa imeurefusha. Utepe ulikuwa ukimdanganya, na yeye akaandika *Sawa* kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua daftari. Tangu afue pete, mnyororo ulikuwa umeitwa uwanjani mara tatu, na mara zote mpira ulipita au ulipungua kwa futi nzima. Hakuna aliyedhulumiwa. Bado.

Kukata pete na kufua nyingine ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini ile haikuwa tena pete yake. Vijana ishirini na sita walikuwa wakiigusa wakitoka chumbani, na wangeikuta mpya inang'aa asubuhi ya mechi ya Waswidi. Ilimpasa kumwambia kocha kwanza. Akavua aproni, akanawa mikono, akapanda ngazi.

Sasa, kule Elvestad jambo halitolewi hivi hivi kama anayetema mbegu. Ukitembelewa unamkaribisha mgeni kahawa, naye anakataa. Unamkaribisha tena, anasema usijisumbue. Ya tatu anasema, basi nusu kikombe. Anayekubali mara ya kwanza ana njaa au hana malezi. Na mwenye neno zito moyoni ni vilevile: huja, husimama, huongea habari za baridi, na mwenyeji humuuliza kuna nini mpaka mara ya tatu. Hakuna aliyewahi kuifundisha sheria hiyo, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa ni sheria.

Kocha Delaney alikuwa ameinamia karatasi zenye misalaba na duara za kupangia wachezaji.

"Halvor! Karibu. Kuna shida?"

"Hapana, hapana," alisema Halvor, akiwa ameishika kofia mbele ya tumbo. "Nilikuwa napita tu. Baridi inakuja."

"Itawakuta Waswidi pia. Mnyororo wetu mzima?"

"Aa, mnyororo... Si wa kulalamikiwa sana."

"Safi kabisa!" kocha akasema, akazirudia karatasi zake.

Halvor alisimama akingoja aulizwe tena. Saa ya ukutani iligonga. Kocha aliinua uso, akatabasamu, akainamisha tena. Halvor akasema asante, akaenda zake.

Nyumbani Ragna alisikiliza habari yote akikanda unga wa viazi.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Ukitia na ya mnyororo, mara moja na nusu."

"Na wewe ukaondoka!"

"Ningefanyaje, mama? Nijiulize mwenyewe hizo zilizobaki?"

Ragna alipiga donge la unga mezani. "Huyo ni mtu wa Chikago, Halvor. Huko mtu akisema hana shida, wanamwamini."

Ijumaa alikwenda tena, akakuta mlango umefungwa. Kocha alikuwa amewapeleka vijana kupumzika kwenye shamba la baba yake Sigurd. Halvor akajiambia kwamba mnyororo mmoja hupima pande mbili. Ukimwonea Mswidi utamwonea na Mnorwe. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na usiku kucha hayakumsaidia kitu.

Jumamosi tarehe kumi na saba Novemba upepo ulitoka kaskazini magharibi, wenye meno. Magari yalijaa mpaka nyuma ya ghala la ngano. Halvor alivaa koti lake zito na kutia tepu ya chuma mfukoni, akijiambia kwamba jioni atapitia kwa mpima ardhi kuirudisha. Vijana wakatoka mbio na fulana zao za sufu za kijani, kila mmoja akigusa pete. Sigurd aliibusu kabisa.

"Mzee Halvor, mbona umenuna? Nani kafa?"

"Nenda ukacheze, mwanangu."

Elvestad walitangulia kuuvusha mpira, pointi sita, na teke likaongeza moja. Lindora wakavusha katika robo ya tatu, teke lao likagonga mwamba. Saba kwa sita. Zikabaki dakika tatu, na Waswidi na fulana zao za njano walikuwa wakisukuma kama maji yaliyopata ufa, mpaka yadi kumi na nane tu kutoka mstari wa mwisho wa Elvestad. Jaribio la nne. Kijana wao mmoja aliinamisha kichwa akaingia katikati ya rundo, na rundo likamfunika.

Rundo lilipofumuliwa, mwamuzi akaashiria mnyororo uletwe.

Mwamuzi alikuwa Peder Stavlo, daktari wa meno kutoka mji wa tatu, si Elvestad wala Lindora, Mnorwe naye, mtu aliyewahi kumng'oa Halvor gego. Knut alisimamisha ufito wa nyuma. Halvor akaunyoosha mnyororo, akasimamisha ufito wa mbele. Ncha ya mpira ilipungua kwa upana wa kidole gumba.

Uwanja ulilipuka. Kofia ziliruka. Mtu alianza kupiga kengele ya ng'ombe bila kukoma. Msimu mzima, miaka kumi na minane, ukame, vyote vilikuwa vimekaa katika pengo lile la kidole gumba, na Halvor alijua pengo lile ni la nani. Alikuwa amelifua mwenyewe.

Stavlo aliinama kutoa mpira kwa Elvestad. Akamwona Halvor usoni, akasita. Huenda ni mazoea ya kutazama watu waliokaa kwenye kiti chake wakisema hawaumwi.

"Halvor, kuna neno?"

"Hapana," Halvor alisema.

"Hakuna?"

"Si la kukusumbua, daktari. Una kazi."

Sigurd alikuwa amefika, vumbi mpaka masikioni. "Mwamuzi, mpira ni wetu, tupe twende!"

Stavlo hakumtazama. Alijiinua, akaweka mpira chini tena, na akasema polepole, "Nakuuliza, Halvor. Kuna neno?"

Ndiyo hiyo ya tatu. Halvor alihisi kitu kikimlegea kifuani, kama boila inapofunguliwa mvuke.

"Mnyororo umezidi," alisema. "Inchi moja na nusu. Ni ile pete. Nilikosea mimi."

Akatoa tepu mfukoni. Wakapima mbele ya makapteni wote wawili, chuma juu ya nyasi kavu. Ncha ya mpira ilivuka yadi kumi kwa unene wa penseli. Knut Bakke alikuwa akiutazama ufito wake kama aliyeambiwa si wake. Sigurd akachuchumaa kuisoma tepu mwenyewe. Kapteni wa Waswidi, jitu lenye nyusi nyeupe, alivua kofia ya ngozi akamtazama Halvor, akaivaa tena.

Mpira ukabaki wa Lindora. Baada ya majaribio matatu waliuvusha. Kumi na mbili kwa saba, na firimbi.

Watu waliondoka uwanjani. Hakuna aliyemtukana Halvor, maana kutukana si desturi. Walimpita tu, kila mmoja akitazama viatu vyake. Alikusanya mnyororo, akaukunja, akaupeleka chumba cha boila, na akakaa nao.

Chakula cha kufunga msimu kilikuwa kimeandaliwa tangu asubuhi katika ukumbi wa chini wa kanisa: mabonge ya nyama kwenye mchuzi, samaki wa chumvi, lefse, zile chapati za viazi nyembamba kama karatasi. Halvor alisema haendi.

"Nimeoka lefse sitini," Ragna alisema, akifunga skafu yake. "Zinaenda. Na haziwezi kutembea."

Walikaa meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Gurine Bakke, mke wa Knut, ambaye tangu walipojenga kanisa lile yeye ndiye mwenye birika la kahawa, alifika mezani kwao.

"Kahawa, Halvor?"

"Hapana, asante."

"Hata kidogo?"

"Usijisumbue, Gurine."

Gurine akaenda meza ya pili.

Ukumbi haukunyamaza, lakini vijiko vilipunguza sauti. Kila mtu alikuwa ameona. Ragna alimshika mumewe goti chini ya meza. Halvor alikitazama kikombe chake kitupu, chenye ua la bluu, na akafikiri kwamba yeye ana miaka arobaini na mmoja, na kwamba huo ni muda mrefu sana uliobaki kukaa katika mji usiokuuliza mara ya tatu.

Ndipo kocha Delaney akainuka kutoka meza kuu. Mkuu wa chuo alikuwa katikati ya kumwambia kitu. Kocha alimfuata Gurine, akampokonya birika mkononi, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya, akaja nalo mpaka meza ya mwisho akimwaga matone sakafuni.

"Halvor," alisema, na sauti yake ile haikujua kunong'ona. "Ragna kanieleza pale nje. Kumbe Alhamisi ulikuja kuniambia."

"Nilikuwa napita tu."

"Haya. Sasa sikiliza. Kahawa? Kahawa? Kahawa?"

Alikuwa ameshaanza kumimina kabla ya ya pili. Mtu mmoja meza ya wachezaji alicheka kwa pua, alikuwa Sigurd. Kisha akacheka kwa mdomo, na wenzake wakamfuata.

"Kocha, si hivyo!" Sigurd alipiga kelele. "Katikati lazima apumue!"

"Atapumua akinywa."

Halvor alitazama kikombe kikijaa mpaka ukingoni.

"Basi," alisema, "nusu."

Gurine alirudi kuchukua birika lake. Alisimama kidogo, shingo nyekundu, kisha akaweka lefse mbili kwenye sahani ya Halvor bila kumuuliza hata mara moja, jambo ambalo kule Elvestad ni kuomba radhi kabisa.

Haikuisha siku ile. Wako waliomnunia mpaka Krismasi, na mzee mmoja alimnunia mpaka akafa. Waswidi walimletea gunia la viazi, naye hakujua ale au azike. Chuo kikanunua mnyororo mpya wa kiwandani, na ule wa zamani akautundika ukutani pamoja na pete yake, bila kuikata. Sigurd alifundisha shule huko magharibi, lakini kila aliporudi kwao alishuka kwanza chumba cha boila, akaigusa pete, akasema, "Ngumu," na Halvor akasema, "Ilifaa."

Msimu kama ule haukurudi. Mvua ilirudi, ngano ikarudi, vita vikaja vikachukua vijana wanane kati ya wale ishirini na sita, na wawili hawakurudi. Halvor alikuwa na majina yao katika daftari, pamoja na namba za fulana zao. Siku za majira ya majani kuanguka, jioni, harufu ya chokaa ikipanda kutoka uwanjani, alikuwa akisimama mlangoni mwa boila akisikiliza vijana wapya wakifanya mazoezi, na kwa muda kidogo sauti zilikuwa zile zile.

Delaney alikaa Elvestad miaka minne, akarudi Chikago. Kila Krismasi alituma kadi yenye neno moja limeandikwa mara tatu, na halafu sahihi yake. Halvor hakujibu kadi ya kwanza. Hakujibu ya pili. Ya tatu ilipofika alikaa mezani, akachonga penseli, akamwandikia maneno mawili, na tangu hapo akamwandikia hayo hayo kila mwaka mpaka kadi zikakoma: *Nusu kikombe.*